Spana Inayosema Basi

Msomaji mpenzi, najua kurasa hizi zimezoea mambo mengine. Katika jarida la chama chetu watu huandika mashairi ya mapenzi, visa vya yatima walioteswa na mama wa kambo, na majuto ya vijana waliokwenda mjini wakarudi na kilio. Mimi nataka kuandika juu ya spana. Naam, spana, chuma cha kufungia nati. Kama huna haja nayo geuza ukurasa, hatutagombana. Lakini ikiwa nyumbani kwenu kuna gari, hata liwe lile kuukuu la kusukumwa kila asubuhi, nakuomba ukae nami kidogo.

Spana ninayoisema si ile ya kawaida. Hii hupima. Unaiwekea kiasi cha nguvu unachotaka nati ikazwe, unaivuta, na kiasi hicho kikifika inakujulisha. Mafundi wa jua kali huiita toki renchi. Tulipolijadili jina hilo chamani mmoja alipendekeza "spana-mizani", mwingine "spana ya mkazo", na kelele zikawa nyingi hadi mwalimu mlezi akasema tuiite tupendavyo mradi tuelewane. Basi mimi nitaiita spana ya kupimia.

Sasa, kwa nini nati ipimwe? Watu wengi hudhani kwamba kukaza zaidi ndiko kukaza vizuri. La hasha! Bolti ni kama springi ngumu sana. Ukikaza nati, bolti inavutika kidogo tu, kiasi ambacho jicho haliwezi kuona, na kule kutaka kurudi katika urefu wake ndiko kunakobana gurudumu lisicheze. Ukikaza kidogo mno haivutiki ya kutosha, na nati italegea njiani. Ukikaza kupita kiasi, bolti inavuka mpaka wake wa kurudi, inakuwa kama ule waya wa maabara tuliotundikia mawe mengi mno siku ya sheria ya Hooke. Haikatiki papo hapo. Inabaki pale imechoka, inangoja siku yake.

Tupige hesabu basi, maana Fizikia si ya mtihani peke yake. Nguvu ya kuzungusha ni nguvu mara umbali. Nati za magurudumu ya Toyota ndogo nyingi, kama vile Corolla na Probox, zinatakiwa zikazwe kwa nyutoni-mita 103. Chukua fundi wa kilo 70, asimame juu ya spana ya magurudumu yenye urefu wa sentimita 30. Tukitumia ile 10 ya darasani, 70 mara 10 mara 0.3 ni 210. Hiyo ni mara mbili ya inayotakiwa, na bado hajaruka. Akiongeza paipu mpini ukafika nusu mita, tayari ni 350. Halafu tunashangaa stadi zinapokatika.

Gari letu ni Toyota Corolla, ile ambayo watu huiita 110, na lilipofika kwa Baba lilikuwa limekwisha pita mikono kadhaa. Kazi yake kubwa ni mayai. Mama anafuga kuku, na mara mbili kwa wiki hupeleka trei kwa wenye vibanda na hoteli ndogo ndogo za hapa Thika. Karo yangu na ya ndugu yangu mdogo imo ndani ya trei hizo. Mwezi wa Aprili mwaka 2025, wakati wa masika, Baba alizibiwa pancha na fundi mmoja wa kando ya barabara. Fundi yule alipanda juu ya spana kwa miguu yote miwili, akaruka mara mbili tatu, akapangusa mikono na kusema, "Mzee, hiyo haitoki mpaka Mombasa."

Siku ya tatu tulikuwa tunakwenda matangani kupitia barabara ya Garissa. Karibu na Kilimambogo gari likaanza kutetemeka upande wa nyuma kushoto. Baba alidhani ni pancha nyingine. Aliposimama na kutazama, gurudumu lilikuwa na stadi nne na mbili zilikuwa zimekatika, nati zake hazipo kabisa. Ndani ya gari tulikuwa watu watano. Fundi aliyeitwa kutusaidia alitoa zile mbili zilizobaki akatuonyesha moja: shingo yake ilikuwa imekonda kuliko sehemu nyingine, kama peremende iliyovutwa ikiwa moto. Mama aliishika kiganjani kwa muda mrefu bila kusema neno. Tulipofika nyumbani ndipo alipotoa amri: hakuna mtu atakayefunga magurudumu ya gari hili kwa miguu tena. Baba akaitikia kwamba tutafunga wenyewe, na akaitaja spana ya kupimia, ambayo alikuwa ameiona kwa rafiki yake anayefanya kazi katika gereji ya Industrial Area.

"Bei yake?" Mama akauliza.

Baba akasema yaweza kufika elfu nne.

"Baba watoto, elfu nne ni trei kumi. Mayai mia tatu! Ya mia sita haifungi nati?"

Hapo ndipo msako wetu ulipoanza, maana swali la Mama lilikuwa la haki na lilitaka jibu. Mimi nilitumwa kuwa karani wa hesabu.

Duka la kwanza, hapa hapa mjini, lilikuwa na moja tu. Ilikuwa ndefu kama fimbo ya mchungaji, ya robo tatu inchi, na kipimo chake kilianza 140 hadi 980. Mwenye duka akatuambia kubwa hukaza hata ndogo. Nikamwuliza 103 iko wapi katika kipimo hicho. Akaitazama, akaizungusha, akaniambia nitafute mwenyewe. Haikuwepo, bila shaka, kwani inaanza 140! Hiyo ni spana ya malori. Ukinunua spana ya kupimia, jambo la kwanza si jina wala rangi ya sanduku lake. Tazama namba unayoihitaji imekaa wapi. Afadhali iwe katikati, isiwe mwanzo kabisa wala mwisho kabisa.

Jumamosi iliyofuata tukapanda matatu hadi Nairobi, barabara ya Kirinyaga, ambayo zamani iliitwa Grogan na wazee bado huiita hivyo. Pale vipuri vya magari vimejaa kama mahindi wakati wa mavuno. Unaitwa huku na huku, "Mzee, unatafuta nini? Karibu boss!" hadi kichwa kinakuzunguka. Tuliona za aina kadhaa, na nitazieleza kama nilivyoziona.

Ya kwanza ni ya mshale. Ni chuma kirefu chenye mpini, na kando yake pana ufito mwembamba unaoelekea kwenye bamba la namba. Ukivuta, chuma kikubwa kinapinda kidogo na ufito unabaki umenyooka, ukionyesha namba. Haina springi ya kuchoka wala kitu cha kuharibika ndani. Mshale ukiwa hauko kwenye sifuri unaupinda kwa mkono mpaka urudi, basi. Bei ilikuwa shilingi 2,200. Ubaya wake ni kwamba lazima uitazame ukiwa juu yake moja kwa moja. Ukiitazama kwa pembeni utasoma namba ya uongo, kama vile tunavyoonywa kuhusu kusoma rula maabarani. Na gurudumu liko chini, na Baba anavaa miwani. Alijaribu kuinama pale dukani, miwani ikaanguka, mjadala ukaisha. Mimi hadi leo naamini kwamba mtu mwenye macho mazuri na mfuko mwembamba hahitaji nyingine ila hiyo. Baba hakubali.

Ya pili ilikuwa ya mlio, lakini ya mitumba kutoka Uingereza. Chuma chake kilikuwa kizito na kizuri, maandishi yamechongwa si ya kupakwa rangi. "Kijana, hii ni kitu original," mwenye duka akaniambia, "hizo zingine ni za plastiki." Alitaka elfu tatu. Lakini nilipojaribu kuzungusha mpini haukusogea. Ulikuwa umekwama kwenye 120, na kwa jinsi kutu ilivyoshika, ulikuwa umekaa pale miaka mingi. Spana za namna hii zina springi ndani ya mpini. Ukiiacha imebanwa muda mrefu inachoka, na baada ya hapo ikikuambia 100 huenda ni 90. Tena namba zake zote zilikuwa za pauni-futi. Hilo nalo si dogo. Nyutoni-mita 103 ni pauni-futi 76. Mtu akisahau akaiweka 103 ya pauni-futi, amekaza karibu nyutoni-mita 140, na spana itamlilia vizuri kabisa kana kwamba hakuna kitu.

Ya digitali tuliitazama kwa heshima tukairudisha. Ilitaka elfu kumi na nne na betri.

Ya mwisho ilikuwa mpya, ya mlio, ya nusu inchi, kipimo chake 28 hadi 210. Mia na tatu imekaa karibu na katikati. Bei ya kutajwa 4,500. Jina la kampuni yake sikuwahi kulisikia, na ndiyo sababu tuliikagua kama mahari. Mpini ulizunguka laini bila kukwama. Kifungio chake kilishika. Soketi iliingia bila kuchezacheza. Namba zilisomeka na zilikuwa za aina mbili, upande huu nyutoni-mita, upande ule pauni-futi. Tuliiweka kwenye 30, Baba akashika kichwa chake kwa nguvu, mimi nikavuta mpini, ikalia "tk!" na kulegea kidogo mkononi. Tukarudia mara tano, ikalia mara zote tano. Kisha Baba akasema maneno ambayo nadhani yalikuwa na thamani kuliko punguzo la bei: akamwomba mwenye duka aandike kwenye risiti kwamba tunaweza kuirudisha ndani ya siku saba. Mwenye duka alinung'unika, akaandika. Tukailipia 3,800.

Lakini kulia "tk" si kusema kweli. Hata saa mbovu hulia. Mama aliuliza tutajuaje kwamba hiyo mia ni mia, na tukawa hatuna jibu ila kupima. Wenye gereji kubwa hupeleka vifaa kama hivi kukaguliwa katika maabara za vipimo, kwa mfano zile za Shirika la Viwango la Kenya pale Nairobi. Sisi tulikuwa na mtungi wa maji.

Jirani yetu mchomeleaji ana jiriwa imara iliyofungwa kwenye meza ya chuma. Tuliibana ile ncha ya mraba ya spana katika jiriwa hiyo, mpini ukalala mlalo kabisa. Tulipima kwa futi ya fundi cherehani sentimita 40 kutoka katikati ya ncha hadi katikati ya mahali pa kushikia, tukafunga kamba hapo. Kwenye kamba tukatundika mtungi mtupu wa plastiki, ambao mizani ya dukani ilisema ni kilo moja. Tukaiweka spana kwenye 80, tukaanza kumimina maji kwa jagi la jikoni lenye alama za lita. Lita moja ya maji ni kilo moja, hilo kila mtu analijua.

Uzito wa spana yenyewe nao unavuta. Ilikuwa kilo moja na nusu hivi, na ilisawazika juu ya kidole kama sentimita 20 kutoka kwenye ncha, kwa hiyo ilichangia karibu nyutoni-mita 3. Zilibaki 77 za kutafutwa kwa maji. Nilitumia 9.8 badala ya 10, kwa sababu safari hii hapakuwa na msahihishaji bali stadi za gari. Nikapata kwamba spana ikiwa ya kweli italia mzigo ukifika karibu kilo 19.6.

Watoto wa mtaa walijaa. Tulipofika lita 17 tukaacha jagi tukatumia kikombe, kidogo kidogo. Lita 18, kimya. Lita 18 na nusu, kimya. Mchomeleaji akazima mashine yake ili tusikie. Lita 19, "tk!" na mpini ukashuka. Mtungi na maji ni kilo 20. Tulimwaga tukarudia: 19 na robo. Mara ya tatu 19 tena. Kwa hesabu, spana ilikuwa inalia kwenye 81 na kitu hadi 82 na kitu ilipowekwa 80. Kosa lake ni kama asilimia 2 au 3, na sehemu ya kosa hilo huenda ni ya jagi letu. Kipimo cha kimataifa kiitwacho ISO 6789 huruhusu spana ya aina hii kupotoka hadi asilimia 4 juu au chini. Kwa chombo cha 3,800 kisicho na jina nilikivulia kofia.

Ila hatukuishia hapo, na nashukuru. Tuliiweka kwenye 30, karibu na chini kabisa. Kwa hesabu yangu ingelia mtungi na maji vikifika kilo 6.9. Haikulia mpaka kilo 8! Hiyo ni zaidi ya 34, kosa la asilimia 14. Tulirudia, yakawa yale yale. Baba alitaka kuirudisha dukani siku hiyo hiyo. Nikamwonyesha kwamba ISO 6789 huijaribu spana kuanzia asilimia 20 ya uwezo wake wa juu, na kwa hii yetu asilimia 20 ni 42. Zile namba za chini ya hapo zimeandikwa kwenye mpini, lakini usizitegemee. Kwa magurudumu inatufaa sana. Kwa nati ya kutolea oili au kwa plagi, ambazo katika injini yetu zinataka 18 tu, haifai kabisa. Mtu anayekuuzia spana moja na kukuambia itafunga kila kitu cha gari anakudanganya, hata kama spana yenyewe ni nzuri.

Mama alikuwa amesimama mlangoni akitutazama tukimwaga maji aliyoyalipia. Alikuja, akashika mpini, akavuta mpaka ukalia. Akavuta tena. "Kumbe inasema basi," akasema, akarudi kwa kuku wake. Habari ya trei kumi hatukuisikia tena.

Matumizi yake si magumu. Kwanza nati hufungwa kwa spana ya kawaida gari likiwa juu ya jeki, kisha gari hushushwa tairi liguse chini, ndipo ya kupimia huletwa. Tunakaza kwa kuvukana, yaani nati moja halafu ile inayoielekea, kwanza kwa 60 halafu kwa 103. Hesi zipanguswe zikauke. Ukizipaka oili au grisi nati inateleza, na kwa 103 ile ile bolti inavutika zaidi ya ilivyokusudiwa. Ikilia unaacha papo hapo, huongezi "kidogo tu ya baraka". Haitumiwi kufungulia nati kamwe. Jioni inarudishwa kwenye 28 ili springi ipumzike, lakini isishushwe chini ya hapo, na inalala ndani ya sanduku lake. Na baada ya kilomita 80 au 100 tunazipima nati upya. Mara ya kwanza kufanya hivyo, nati moja ya mbele kulia ilizunguka kidogo kabla ya kulia. Nyingine zote zililia bila kusogea.

Sasa tunaweka akiba ya ndogo yake, ya tatu-kwa-nane inchi, kwa ajili ya plagi na nati ya oili. Safari hii nimemwambia Baba tutapima kwa chupa badala ya mtungi. Wakati huo huo jirani mmoja mwenye Probox amekwisha kuja mara mbili kuiazima hii kubwa. Baba humwambia alete gari hapa nyumbani, spana haitoki langoni. Naye huleta, na nati zake nazo ni 103.